Majina ya Upepo

Nilipokuwa mtoto, kila mtu nyumbani kwetu alikuwa na majina mawili. La kwanza lilikuwa la ubatizo, ambalo tuliitwa siku zote hali ya hewa ikiwa njema. La pili lilikuwa jina la upepo. Hilo lilitumika tu wingu likiwa jeusi na ngurumo zimeanza kutembea juu ya uwanda. Aliyetupa majina hayo ni nyanya yetu, mama mzazi wa baba, ambaye tulimwita Koko. Baba mwenyewe alikufa nikiwa mdogo sana, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wanne: Koko, Mama, mimi, na mdogo wangu Subira.

Tuliishi kwenye uwanda wa Ruzizi, mashariki mwa Kongo. Ni nchi tambarare. Milima iko mbali, huku na huku, na katikati hakuna kitu cha kuuzuia upepo. Mwishoni mwa kiangazi, ardhi ikiwa imekauka hadi kupasuka, tuliona visulisuli vya vumbi vikizunguka mashambani kama watu wembamba wanaocheza ngoma. Vile vidogo hatukuviogopa. Tulivikimbilia na kuvirushia majani ili tuyaone yakipanda. Lakini mvua za kwanza zilipokaribia vilikuja vingine, vikubwa, vilivyoshuka kutoka kwenye wingu lenyewe, na radi pembeni. Koko alisema hivyo si vumbi. Hivyo vina masikio. Ukimwita mtu kwa jina lake kisulisuli kikiwa karibu, kitalisikia, na kikishalijua kitamfuata mwenyewe hadi kimchukue. Ndiyo maana ilibidi kukidanganya kwa jina jingine.

Mimi ni Neema, lakini jina langu la upepo lilikuwa Bubu, kwa sababu nilikuwa mtoto mwenye haya. Mgeni akinisalimia, niliangalia vidole vyangu vya miguu. Subira, ambaye nilimpita miaka mitatu, aliitwa Kiguu na Njia, maana hakuweza kutulia nyumbani hata uji upoe. Mama aliitwa Mwenye Funguo, na hakulipenda.

"Funguo za nini, na nyumba yenyewe haina kufuli?" alimwuliza Koko siku moja, radi zikipiga.

"Za mdomo wako," Koko akasema. "Siku moja utaufunga, tupumzike."

Subira alicheka mpaka akalala chini. Mama naye alicheka, akijificha uso kwa kitenge, kwa kuwa si adabu mkwe kucheka wazi mbele ya mama wa mume wake. Ninaikumbuka siku hiyo vizuri kwa sababu sikuwaona wakicheka pamoja mara nyingi baada yake.

Mwaka niliokuwa na miaka tisa, dhoruba zilikuja siku nne mfululizo. Siku ya kwanza radi iliua ng'ombe wawili waliokuwa wamesimama pamoja. Siku ya pili upepo ulichukua paa la shule, na madaftari yetu tukayaokota mbali, kwenye mashamba ya mpunga. Siku ya tatu kisulisuli kilipita kandokando ya mto kikang'oa migomba kwa mstari mmoja, kama mtu aliyepita na panga. Katekista alituambia kwamba ni mvua tu, ni kazi ya Mungu, tusianze maneno ya kipagani. Wakati huo huo alikuwa akikaza paa la nyumba yake kwa mawe.

Siku ya nne asubuhi jua lilitoka kali. Watu walifurahi. Mama alishuka upande wa mto kuangalia kama mpunga wetu umebaki. Koko aliamua kuanika mihogo iliyokuwa imeanza kunuka kwa unyevu. Tuliitandaza kwenye turubai mwishoni mwa shamba letu, karibu na nyumba ya jirani yetu Mama Zawadi, ambapo palikuwa na jua zaidi.

Baada ya saa sita mchana mbingu upande wa kusini ziligeuka rangi. Hazikuwa nyeusi kama kawaida. Zilikuwa za kijani kichafu, kama maji yaliyochemshiwa sombe, majani ya muhogo. Kuku waliingia bandani wenyewe. Subira aliona kabla yetu, na bila kutumwa na mtu akakimbilia kwenye mihogo. Alikuwa hivyo. Mimi nilipokuwa bado nafikiri, yeye alikuwa ameshafika.

Mimi na Koko tulisimama mlangoni. Tukakiona kikija kutoka upande wa mto, cheusi chini na cheupe juu, kikijisokota polepole kwa macho lakini kikimeza miti haraka. Sauti yake haikuwa ya upepo. Ilikuwa kama mashine ya kusaga iliyowashwa bila mahindi ndani.

"Kiguu na Njia!" Koko aliita. "Acha mihogo! Kimbia!"

Lakini Koko alikuwa na ugonjwa wa kifua, na sauti yake haikufika hata kwenye banda la kuku. Akanishika bega.

"Ita weye, Bubu. Sauti yako ni changa. Itafika."

Sikuwahi kupaza sauti tangu nizaliwe. Hata shuleni mwalimu alinijia karibu ili asikie jibu langu. Nilifungua mdomo nikatafuta jina la upepo la mdogo wangu, jina ambalo Koko alikuwa amelisema sasa hivi pembeni yangu, na sikulikuta. Nililokuta ni lile la kila siku.

"Subira!" niliita. "Subira, njoo!"

Sauti yangu ilinishangaza. Ilikuwa kubwa. Subira alikuwa ameshaanza kukimbia kuja kwetu, mihogo ameibeba mbele kwenye kitambaa chake. Aliposikia, akasimama. Alinitazama, miguu imekutana, kama mtoto aliye kwenye mstari shuleni. Nikaita tena jina lile lile, kwa nguvu zaidi. Hakusogea. Koko alikuwa ameshanifunika mdomo kwa kiganja chake, na kiganja kile kilikuwa kinanuka muhogo mbichi. Kisha vumbi likafunga kila kitu.

Kilipita kwa muda mfupi kuliko muda wa kusema Baba Yetu. Tulipomfikia Subira, bati la nyumba ya Mama Zawadi lilikuwa limemfikia kabla yetu. Sitaandika zaidi ya hapo.

Mama alirudi akiwa na matope mpaka magotini. Watu walikuwa wameshajaa uani, na mwili wa Subira ulikuwa umefunikwa kwa kitenge cha Koko kile kizuri cha kanisani. Wanawake walilia. Katikati ya kilio Mama Zawadi, ambaye alikuwa amejificha chini ya kitanda chake wakati paa likiondoka, alinyamaza ghafula akauliza.

"Nilisikia jina likiitwa. Kwa masikio yangu haya. Mara mbili. Nani aliita?"

Kilio kilipungua. Nilikuwa nimeegemea ukuta.

"Ni miye," Koko alisema.

"Weye? Weye uliyetufundisha sisi wote?"

"Ni miye. Nimezeeka, Mama Zawadi. Nilisahau."

Mama alikuwa ameketi chini kando ya Subira. Aliinua kichwa. Hakupiga kelele, hakumrukia mtu. Alimtazama Koko kama unavyomtazama mtu usiyemjua aliyeingia nyumbani kwako bila kubisha hodi. Nilingoja niseme. Nilijiambia, nikihesabu mpaka kumi nitasema. Nilihesabu mpaka kumi mara nyingi sana siku ile.

Baada ya maziko, mimi na Koko tulikwenda kuchota maji. Njiani alisimama.

"Bubu."

Mbingu zilikuwa safi kabisa. Hakukuwa na sababu ya kuniita hivyo.

"Ndiyo, Koko."

"Bubu anasema?"

"Hapana, Koko."

"Haya. Twende."

Nilielewa kwamba nimeokolewa, na nilifurahi. Ninaandika neno hilo kwa shida, lakini ndilo neno la kweli. Nilifurahi, siku ya pili baada ya kumzika mdogo wangu, kwa sababu hakuna ambaye angejua.

Leo ninaelewa hesabu ya Koko. Kwetu, anayemwita mtu kwa jina ndani ya kisulisuli ndiye aliyemtoa kwa upepo. Kama ingejulikana ni mimi, ningekuwa msichana aliyemtoa mdogo wake mpaka ninazeeka. Wenzangu wasingechota maji pamoja nami, na hakuna mama ambaye angekuja kuniposa kwa ajili ya mwanawe. Koko alidhani watu wangemsamehe kwa sababu ya uzee. Hapo ndipo alipokosea. Mtoto akiita, watu husema ni kosa. Kikongwe akiita jina la mtoto, na yeye ndiye mwenye kujua mambo ya upepo kuliko wote, watu hawasemi amesahau. Wanasema ni mchawi, amemlisha upepo ili yeye aendelee kuishi.

Hawakumpiga. Kuna wazee waliopigwa kwa mambo madogo kuliko hayo, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini salamu zilikwisha. Akifika kisimani, wanawake walifunika ndoo zao. Mama aliyabeba mafiga matatu ya Koko kwa mikono yake mwenyewe akayaweka nyuma ya nyumba, akasema, "Kuanzia leo, kila mtu na chungu chake." Hakusema naye tena. Miaka miwili tuliishi hivyo, wanawake wawili ndani ya ua mmoja, na mimi katikati, nikibeba maneno kama "mwambie nyanya yako mvua imeingia kwake" na "mwambie mama yako nimesikia."

Vita vilipofika upande wetu, tulifunga vitu alfajiri moja ili tuvuke ziwa. Koko alikaa kwenye kizingiti cha nyumba yake. Alisema magoti yake yamekataa safari. Mama hakumwambia aje, naye hakuomba. Aliniita nimkaribie, akanipangusa uso kwa kiganja, akasema, "Nenda, Neema." Jua lilikuwa linachomoza na hapakuwa na wingu hata moja.

Tulikuwa tumekaa kambini Tanzania miezi mingi ndipo mtu wa kwetu alipofika na habari kwamba Koko amefariki, na kwamba watu wa kanisa ndio waliomzika. Mama alikuwa anafua. Alisema "Haya," akaendelea kufua.

Sasa ninaishi Birmingham, Uingereza, eneo la Kingstanding, na mume wangu na mtoto wetu wa miaka mitano. Mama alikuja kuungana nasi miaka mitatu iliyopita. Nyumba zetu hapa ni za matofali, zimeshikana mbili mbili, na kila moja ina kibustani nyuma. Nilidhani mambo ya visulisuli nimeyaacha ng'ambo ya ziwa. Lakini kiangazi hiki joto lilikuwa kali kuliko nilivyozoea, na mwishoni mwa juma moja dhoruba zikaanza. Zilikuja mchana, siku baada ya siku. Simu zetu zililia maonyo. Watu walitumiana picha za kisulisuli kilichoonekana kwenye mashamba nje ya mji, chembamba, kimeinama, na wakaandika vichekesho chini yake. Siku ya tatu upepo ulinyanyua trampolini ya jirani yetu Mwingereza, ile turubai ya watoto kurukia, ukaivusha uzio, ukaiweka juu ya miche yangu ya nyanya. Jirani aliomba radhi kana kwamba ni mbwa wake.

Mama alikuwa ameshafunika kioo cha sebuleni kwa taulo na kuchomoa televisheni. Aliketi jikoni akichambua maharage kwenye sinia. Mwanangu alifungua mlango wa nyuma akataka kutoka kuiangalia ile trampolini.

"Weye, Kisigino!" Mama aliita. "Rudi ndani!"

Mwanangu husikia Kiswahili chepesi, lakini hujibu kwa Kiingereza. Alimwambia kwamba hilo si jina lake.

"Anasemaje?" Mama aliniuliza.

"Anasema haitwi Kisigino."

"Leo anaitwa. Mwambie afunge mlango, na kama hataki, ataitwa Soksi."

Mtoto alicheka, akafunga mlango, akaja kumwegemea bibi yake. Akauliza kwa nini. Mama alielewa swali hilo bila mimi. Alianza kumweleza, lakini Mama akisema haraka Kiswahili chetu cha kule, mtoto hupotea njiani. Basi nikawa natafsiri kama ninavyomtafsiria kwa daktari, sentensi kwa sentensi. Nilimwambia kwamba kule kwetu upepo una masikio. Nilimwambia kwamba mama yake alikuwa na mdogo wake. Sikuwahi kumsikia Mama akimtaja Subira tangu tuvuke ziwa. Nikaishika meza.

"Mwambie kulikuwa na kikongwe nyumbani kwetu," Mama alisema, akitupa jiwe dogo kutoka kwenye maharage. "Mwambie kikongwe yule aliita jina la mama yake mdogo ndani ya upepo, kwa kusudi. Mwambie alimwua. Ajue."

Mtoto alinitazama akingoja.

Nilikuwa na maneno yote ya Kiingereza ya sentensi ile. Ni maneno rahisi, hata mtu wa shule ya msingi anayo. Kwa miaka yote nilikuwa nimenyamaza, na kunyamaza nilikuzoea. Lakini hili halikuwa kunyamaza. Hapa niliombwa kulisema kwa mdomo wangu, nimpe mwanangu, naye akue nalo.

"Umeishiwa maneno?" Mama aliuliza. "Juu ya nini husemi?"

"Mama, siye aliyeita."

"Siye nani?"

"Koko. Hakuita jina. Koko aliita Kiguu na Njia, sauti haikufika. Aliyeita jina ni mimi."

Nje mvua ilikuwa inapiga trampolini kwa sauti ya ngoma. Mtoto aliona nyuso zetu, akateleza kwenda sebuleni. Mama hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea kuchambua, harage moja huku, jingine huku, lakini niliona ameacha kutenga mabovu na mazuri. Aliyachanganya yote.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

"Naye alijua?"

"Alikuwa pembeni yangu. Alinifunika mdomo."

Radi ikapita, na nyingine. Nilimngoja anitukane. Nilikuwa nimelisubiri tusi hilo tangu utotoni, na nadhani lingenipumzisha. Alipofungua mdomo, aliuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Chumvi alikuwa anapata wapi?"

"Mama?"

"Nilipomhamishia mafiga nyuma. Muhogo alikuwa nao, mboga alichuma. Chumvi nilikuwa naifungia mimi. Alipata wapi chumvi?"

"Nilimpelekea. Nilikuibia kidogo, nikafunga kwenye jani."

"Kila siku?"

Ningeweza kusema ndiyo.

"Siku nyingine nilisahau, Mama."

Aliitikia kwa kichwa. Alisogeza sinia, akaweka viganja vyote viwili juu ya meza, akavitazama. Mama yangu hajanilaumu mpaka leo. Wala hajasema amenisamehe, na sijamwuliza. Jumapili iliyofuata alimwomba mchungaji wa kanisa letu la Wakongomani amwombee marehemu mmoja, akalitaja jina la Koko, lile la ubatizo, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa silijui. Aliitwa Feza.

Lakini siku ile ya mvua, kabla hajainuka mezani, alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisemea, "Kwa hiyo upepo ulisikia."

"Ndiyo, Mama," nikamjibu. "Ulisikia."

Hapo sikusema kweli. Mwaka jana nilijaza fomu iliyotaka majina ya ndugu zangu wote, walio hai na waliokufa. Mimi huandika polepole na kusoma tena, kwa sababu naogopa kukosea mbele ya watu. Niliposoma tena niliona nimekosea herufi moja. Badala ya Subira nilikuwa nimeandika Subiri. Nilitazama neno lile mpaka karani akaniuliza kama niko salama. Nilimwona mdogo wangu na mihogo yake, miguu imekutana, akinitazama. Ndani ya kelele ile hakusikia jina lake. Alisikia dada yake mkubwa akimwambia asubiri, akasimama. Nikarudia, akazidi kutii. Alikuwa mtoto asiyetulia, na mara ile moja alitulia kwa sababu nilimwambia.

Upepo haukuwa na masikio. Hilo ninalijua sasa, na sidhani kama nitamwambia Mama. Kisulisuli kinachosikia jina na kumfuata mtu, huyo ni adui ambaye mama anaweza kuishi naye. Mtoto wa miaka sita anayesimama kwa utiifu, sijui mama gani anaweza. Zamani nilidhani Koko alitufundisha majina ya upepo kwa sababu hakusoma. Siku hizi nafikiri kwamba watu wa uwandani waliona vifo vingi visivyo na sababu, wakatafuta wa kumbebesha, na upepo ulikuwa na mgongo mpana.

Koko alibeba neno langu mpaka akafa nalo, bila mtu wa kuzungumza naye. Hili la herufi moja nimeamua kulibeba mimi. Si zito kama lake. Mchana nina kazi za mtoto, sina nafasi ya kulifikiria. Ila mwanangu akikimbia mbele yangu barabarani, akifika karibu na magari, wenzangu hupiga kelele, "Subiri! Subiri!" Mimi neno hilo halinitoki. Nakimbia tu nyuma yake mpaka nimshike mkono.